Presha Iliyotufuata Safarini

Wengi wetu tuishio Silver Spring, Hyattsville na vitongoji vingine vya Washington habari za presha tumezipata kwa simu ya msiba. Fulani kaanguka bafuni, fulani kapooza upande mmoja, na hata miaka 50 hajafika. Matanga yakiisha tunaulizana: mbona wazee wetu kijijini hawakuwa hivi?

Swali hilo ni la zamani. Mwaka 1929 daktari Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo, Kenya, alichapisha vipimo vya Waafrika 1,000. Kwa Wazungu presha hupanda kadiri umri unavyosonga. Kwa hao haikupanda, na baada ya miaka 40 ilielekea kushuka. Je, siri ilikuwa katika damu ya Mwafrika, au katika maisha yake?

Jibu lilitoka kwa Wajaluo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990, watu 325 waliohama kijijini kwenda Nairobi walilinganishwa na 267 waliobaki. Baada ya mwezi mmoja tu (mwezi mmoja, jamani!) presha ya waliohama ilikuwa juu kuliko ya wenzao. Chumvi ilikuwa imezidi katika chakula chao, na potasiamu, ile ya mboga na matunda, imepungua. Na hao walisafiri kwa basi. Sisi tumevuka bahari.

Hapa jirani, Bethesda, serikali ya Marekani ilianzisha Taasisi ya Moyo mwaka 1948. Mwaka huohuo ukaanza utafiti mashuhuri wa Framingham, Massachusetts, wenye watu 5,209, karibu wote Wazungu. Mengi tunayoambiwa na madaktari kuhusu moyo yalianzia kwao.

Ndiyo maana tuliona umuhimu wa kazi ya Dk. Anne Sumner, ambaye hukohuko Bethesda aliwachunguza wahamiaji wa Kiafrika wa eneo hili hili. Wenzetu walikwenda asubuhi bila kula, wakatolewa damu, wakanywa maji ya sukari, wakatolewa tena. Ikaonekana kwamba kipimo cha A1C, kinachotegemewa sana kliniki, kikitumiwa peke yake kiliwapita karibu nusu ya waliokuwa wakielekea kwenye kisukari, ugonjwa unaoharibu moyo na mishipa.

Wapo kati yetu wanaokataa: damu yetu itapelekwa wapi? Hatuwacheki. Tuskegee ilidumu kuanzia 1932 hadi 1972. Lakini kipimo kile kisingegunduliwa kasoro yake kama wenzetu wasingenyoosha mkono.