Kusafisha Picha: Historia ya Marekebisho ya Kiotomatiki na Yasiyoharibu Asili, na Athari Zake kwa Hati za Kiswahili

Kwa miongo mingi, mteja aliyepeleka filamu katika duka la picha Afrika Mashariki aliambiwa arudi baada ya picha "kusafishwa". Kitenzi hicho kilitaja kazi ya kudhihirisha: dawa iliitoa sura iliyojificha ndani ya filamu. Leo kitenzi hicho hicho kimehamia kwenye kompyuta na simu, na maana yake imekaribia kugeuka kinyume. Kusafisha sasa ni kuondoa doa, kivuli au umanjano wa karatasi. Makala haya yanafuatilia historia fupi ya programu za kuhariri picha ili kuonesha kuwa mjadala kuhusu marekebisho ya kiotomatiki na yale yasiyoharibu asili umechanganya maswali mawili: nani anaamua, na uamuzi wake unawekwa wapi.

Swali la pili ni kongwe kuliko kompyuta. Katika chumba cha giza, fundi aliweza kuzuia mwanga kwa kiganja upande mmoja wa karatasi na kuuzidisha upande mwingine. Akikosea, alitupa karatasi. Negativu ilibaki kama ilivyokuwa. Aliyeikwaruza negativu yenyewe kwa wembe hakuwa na pa kurudi.

Toleo la kwanza la Photoshop, lililotokana na kazi ya ndugu wawili, Thomas na John Knoll, lilitoka Februari 1990 na lilifuata njia ya wembe. Kila pikseli ya picha ya rangi ilibeba namba tatu, kila moja kati ya 0 na 255. Amri ya kuongeza mwanga ilifuta namba za zamani na kuandika mpya, na mtumiaji aliweza kutengua hatua moja tu ya mwisho. Huo haukuwa uzembe wa wabunifu. Ukurasa wa A4 uliochanganuliwa kwa nukta 300 kwa inchi una pikseli takriban milioni 8.7, sawa na baiti milioni 26 hivi za rangi. Kompyuta nyingi za mezani za wakati huo hazikuwa na kumbukumbu ya kubeba nakala moja ya ukurasa huo, sembuse mbili.

Tabaka ziliingia katika toleo la 3.0 mwaka 1994, na mwaka 1996 toleo la 4.0 likaleta tabaka za marekebisho. Hapo ndipo mageuzi yalipotokea: rekebisho lilikaa juu ya picha kama agizo, likaweza kubadilishwa, kufichwa au kufutwa bila pikseli za chini kuguswa. Uwezo wa kutengua hatua nyingi, uliokuja mwaka 1998, mara nyingi hutajwa pamoja na hayo. Kwa maoni yangu si sahihi, kwa kuwa orodha ya hatua ilitoweka mara faili ilipofungwa. Aperture ya Apple mwaka 2005 na Lightroom ya Adobe mwaka 2007 zilikamilisha mkondo huo: picha asilia haiguswi kabisa, na kila uamuzi huandikwa kando yake kama maagizo.

Amri za kiotomatiki zina historia yake. Ile ya kusawazisha viwango vya mwanga hutafuta namba ya chini na ya juu katika picha, hukata sehemu ndogo ya ncha zote mbili, kisha huvuta zilizobaki zijaze nafasi kutoka 0 hadi 255. Ikiifanya kazi hiyo kwa kila rangi peke yake, rangi ya karatasi ya zamani hubadilika, na wino mwekundu wa alama za beti hubadilika pamoja nayo. Namba mbili tofauti zikishaunganishwa kuwa moja, hakuna hesabu inayoweza kuzitenganisha tena.

Hata hivyo, otomatiki si lazima iharibu. Picasa, iliyonunuliwa na Google mwaka 2004, ilikuwa na kitufe cha kurekebisha kila kitu kwa mguso mmoja, chenye jina la maana ya "najihisi mwenye bahati". Jina lenyewe lilikiri kubahatisha. Lakini programu hiyo iliandika rekebisho katika faili ndogo ya pembeni na kuiacha picha asilia mahali pake. Mashine iliamua, na uamuzi wake uliweza kukataliwa baadaye.

Kwa watafiti wa Kiswahili, tofauti hii ina uzito wa pekee. Katika hati zetu za maandishi ya Kiarabu, herufi be, te, the, nuni na ye zikiwa katikati ya neno hubebwa na jino lile lile. Nukta pekee ndizo huzitenganisha. "Kabili" yenye nukta moja chini na "katili" yenye nukta mbili juu ni umbo moja. Sasa, amri ya kiotomatiki ya kuondoa vumbi hutafuta hasa vijidoa vidogo vilivyojitenga na mistari. Haina namna ya kujua kuwa kijidoa hicho ni konsonanti.

Nilikutana na jambo hili nilipopokea kutoka katika hifadhi moja picha za utenzi, safi na zenye weupe wa kupendeza. Katika ukurasa mmoja jino lilisimama bila nukta, na muktadha wa ubeti uliruhusu neno lolote kati ya hayo mawili. Niliomba picha ya kabla ya kusafishwa. Nilijibiwa kuwa haipo. Faili mpya ilihifadhiwa juu ya ile ya zamani.

Gharama si kisingizio tena. Darktable, iliyoanza mwaka 2009, hutolewa bure na huandika maagizo yake katika faili ya maandishi ambayo kwa kawaida ni ya kilobaiti chache. GIMP, iliyoanza kupatikana mwaka 1996, ilipata vichujio visivyoharibu asili katika toleo la 3.0 la Machi 2025. Kwa hiyo mkataba wowote wa kuweka hati katika mfumo wa kidijitali unaweza kudai vitu vitatu bila kupandisha bajeti ya programu: faili ya kwanza kama ilivyotoka kwenye kamera au kichanganuzi, faili ya maagizo, na jina na toleo la programu iliyotumika. Nakala ya kuvutia ya kuwekwa kwenye tovuti ije baada ya hapo, ikiwa na jina tofauti la faili.