Kazi Iliyoachwa Nusu: Bendi Mpya za Roki ya Progresivu Nchini Italia

Roki ya progresivu ilianzia Uingereza, lakini Waitaliano waliipokea wakaifanya yao. Mwaka 1972 Premiata Forneria Marconi ya Milano ilitoa Storia di un minuto, na Banco del Mutuo Soccorso ya Roma ikatoa Darwin!, albamu nzima juu ya mageuzi ya viumbe. Mwaka uliofuata Le Orme, kutoka eneo la Venice, ilisimulia katika Felona e Sorona kisa cha sayari mbili, moja ya nuru na nyingine ya giza. Nyimbo zilikuwa ndefu, filimbi na ogani zikipokezana na gitaa la umeme, na waimbaji walitumia Kiitaliano kwa sauti pana iliyozoeleka katika opera.

Wimbi hilo halikudumu. Bendi nyingi zilirekodi albamu moja tu, zikasambaratika. Museo Rosenbach ya Liguria ilitoa Zarathustra mwaka 1973. Jalada lake na mada yake iliyotokana na mwanafalsafa Nietzsche viliwatia wanamuziki katika shutuma za siasa za kifashisti, na bendi ikavunjika. Tamasha la Parco Lambro mjini Milano lilimalizika kwa vurugu mwaka 1976, na kufikia mwisho wa muongo huo soko lilikuwa limegeukia disko.

Waliouokoa muziki huu ni wapenzi wake. King Records ya Japani ilizitoa upya santuri za Italia mapema miaka ya 1980. Katika miaka ya 1990 zikafuata lebo ndogo za Liguria: Mellow Records, na Black Widow ya Genoa, ambayo ni duka la santuri pia. Vijana waliokuwa hawajazaliwa wakati wa Zarathustra wakaisikia kwa mara ya kwanza.

Ndiyo maana uhai mpya ulichipuka Genoa zaidi kuliko kwingineko. Mpiga besi Fabio Zuffanti alianza na Finisterre, kisha akashiriki kuunda La Maschera di Cera, ambayo albamu yake ya kwanza ilitoka 2002. Mwaka 2010 ikaja albamu ya kwanza ya Il Tempio delle Clessidre, bendi yenye jina lililochukuliwa kutoka sehemu ya Zarathustra. Mwimbaji wake alikuwa Stefano "Lupo" Galifi, yuleyule aliyeimba Zarathustra miaka 37 kabla. Kinanda kilishikwa na Elisa Montaldo, wa kizazi kingine kabisa.

Mwaka 2013 ulikuwa wa mavuno. La Maschera di Cera ilitoa Le porte del domani, mwendelezo wa kisa cha Felona e Sorona baada ya miaka 40. La Coscienza di Zeno, pia ya Genoa, iliyojiita kwa jina la riwaya ya Italo Svevo, ilitoa Sensitività. Ingranaggi della Valle ya Roma ilisimulia Vita vya Msalaba katika In Hoc Signo, ikichanganya roki na jazi. Unreal City ya Parma ilianza na La crudeltà di aprile. Museo Rosenbach yenyewe ilirudi na Barbarica.

Wapo wanaoziita bendi hizi waigaji. Hukumu hiyo haiwatendei haki. Wazee wao walinyimwa muda wa kukomaa; vijana hawa wanaendeleza kazi iliyokatizwa, na mara nyingine wakiwa na wazee wenyewe jukwaani. Anayeanza azisikilize albamu hizi kwa jozi: Felona e Sorona kisha Le porte del domani, Zarathustra kisha albamu ya kwanza ya Il Tempio delle Clessidre. Atagundua kwamba warithi hawakurudia nyimbo za zamani, bali waliyajibu maswali ambayo nyimbo hizo ziliyaacha wazi. Na waliendelea kuimba kwa Kiitaliano, ijapokuwa wasikilizaji wao wengi wako ng'ambo. Mapokeo hudumu yanapopata watu wa kuyaongezea, na Italia imewapata.