Mahari si Bei: Historia ya Desturi Moja Nchini Uganda

Miongoni mwa desturi za Waafrika zilizozusha mjadala mrefu, mahari ni mojawapo. Wapo wanaoitetea kwa kusema kwamba mwacha mila ni mtumwa. Wapo pia wanaoilaani kuwa ni biashara ya binadamu. Aghalabu pande hizi mbili hubishana pasipo kuchunguza kwanza neno lenyewe lina maana gani, wala desturi hiyo ilikuwaje kabla ya fedha kuingia. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mfano wa Uganda, kwamba lililomfunga mwanamke zaidi ni kule kudaiwa kwa mahari irudishwe ndoa inapovunjika. Deni hilo zamani lilikuwa mzigo wa ukoo mzima. Siku hizi limeishia mabegani mwa mtu mmoja.

Tuanze na lugha, kwani ndiyo kazi yetu. Neno mahari limetoka katika Kiarabu, na kwa sheria ya Kiislamu mahari ni haki ya bibi arusi mwenyewe. Baba hana ruhusa ya kuila pasipo ridhaa yake. Ndiyo maana Waswahili wa pwani wana majina mengine kwa vile wanavyopewa wazee: mkaja na ubeleko ni vya mama, kilemba ni cha baba au mjomba. Huku kwetu bara mambo ni mengine. Wanyankole husema enjugano, Waganda omutwalo, na jirani zetu wa Rwanda na Burundi husema inkwano. Vitu hivyo havikuwa mali ya bibi arusi, bali vilitoka kwa jamaa za mume vikaenda kwa jamaa za mke. Basi tunapoyatafsiri maneno haya yote kwa neno moja, mahari, tunafunika jambo kubwa: ni nani apokeaye, na ni nani atakayedaiwa siku ya kuachana.

Vitu vilivyotolewa navyo vilibadilika kwa nyakati. Katika sehemu nyingi za nchi, hasa kaskazini, majembe ya chuma yaliyofuliwa na wahunzi yalitumika katika ndoa pamoja na mbuzi na ng'ombe. Sotoka ilipoenea katika Afrika ya Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, mifugo iliangamia kwa wingi, na watu wakalazimika kuoa kwa walichokuwa nacho. Jambo hili lafaa kukumbukwa na wale wasemao kwamba idadi fulani ya ng'ombe ni amri ya mababu isiyobadilika. Mababu wenyewe waliibadilisha kila walipobanwa na shida.

Kazi ya mahari ilikuwa nini? Kwanza, iliwatambulisha watoto: waliozaliwa baada ya mahari kutolewa walihesabiwa kuwa wa ukoo wa baba. Pili, iliunganisha koo mbili ziwe na sababu ya kusaidiana. Tatu, iliwaozesha vijana wengine. Miongoni mwa Waacholi, Walango na Waiteso, ng'ombe walioletwa kwa ajili ya binti hawakukaa zizini wakanenepa. Kaka yake aliwachukua akaoa nao. Kwa hiyo ndoa ya dada na ndoa ya kaka zilifungwa kwa kamba moja. Dada akimwacha mumewe na ng'ombe wakadaiwa, ndoa ya kaka nayo ilitikisika.

Kamba hiyo ilikuwa na ncha mbili. Kwa upande mmoja, wazee wa koo zote mbili walikuwa na haja ya kusuluhisha ugomvi mapema, na mume mkorofi aliitwa akaonywa. Kwa upande wa pili, mwanamke aliyepigwa angeweza kurudishwa na ndugu zake mwenyewe, kwa kuwa hawakuwa tayari kutoa ng'ombe. Tusiipambe historia: dhuluma hiyo haikuletwa yote na wageni. Hata hivyo, deni lilikuwa la wengi, na wengi walikuwapo kulizungumza.

Fedha zilivunja utaratibu huo. Mapatano ya Buganda ya mwaka 1900 yaliweka kodi ya nyumba ya rupia tatu, na tangu miaka ya 1903 na 1904 kilimo cha pamba kilianza kuenea. Kijana sasa aliweza, au alilazimika, kujitafutia mahari peke yake kwa mshahara. Okot p'Bitek aliieleza hali hii katika riwaya yake ya Kiacholi, Lak Tar, iliyotoka mwaka 1953. Kijana Okeca Ladwong, ambaye baba yake amekwisha kufa, anakwenda Kampala kutafuta fedha za kuolea, akitaabika huku na huko; na njiani akirudi kwao, akiba yake inaibiwa. Hapo mahari si jambo la ukoo tena. Ni hesabu ya mtu mmoja na mfuko wake. Na mtu aliyelipa peke yake hujiona ana haki ya kudai peke yake.

Wakati huohuo watawala waliiletea desturi hii jina jipya. Kwa Kiingereza waliiita bei ya bibi arusi, na jina hilo likaingia katika sheria. Mwaka 1917, katika nchi jirani ambayo leo ni Kenya, Jaji Mkuu Hamilton aliamua katika kesi ya Amkeyo kwamba mwanamke aliyeolewa kwa desturi za Kiafrika hakuwa mke kwa maana ya sheria ya ushahidi, na uhusiano huo akaufananisha na ununuzi wa mke. Mwaka 1931 mtaalamu Evans-Pritchard alipendekeza neno hilo la bei liachwe, litumike jingine lenye maana ya mali ya ndoa. Wataalamu walimsikiliza, lakini neno bei likabaki katika vinywa vya watu; na jambo likiitwa bei kwa muda mrefu, watu huanza kulitenda kama bei.

Juhudi za kurekebisha hazikukosekana. Katika miaka ya 1950 sehemu kama Bukedi na Sebei zilijaribu kuweka kikomo cha mahari kwa sheria. Tume ya Kalema iliyochunguza ndoa, talaka na hali ya wanawake ilitoa taarifa yake mwaka 1965. Katiba ya mwaka 1995 ilikataza mila zinazovunja heshima ya mwanamke. Mwaka 2001 shirika la Mifumi liliendesha kura ya maoni katika wilaya ya Tororo kuhusu mahari kuwa zawadi isiyorudishwa, kisha likapeleka shauri mahakamani. Mahakama ya Katiba ililikataa mwaka 2010. Shirika likakata rufani, na tarehe 6 Agosti 2015 Mahakama ya Juu, kwa wingi wa majaji, ilitoa uamuzi wenye sehemu mbili. Mahari yenyewe haikuvunja katiba. Lakini kudai irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba, maana humfanya mwanamke kama kitu kilichoazimwa, na hupuuza kazi na watoto aliowapa nyumba ile.

Uamuzi huo haukumaliza tatizo. Ndoa za desturi na talaka zake huzungumzwa uani mbele ya wazee, si mbele ya majaji. Bado kuna familia zinazomrudisha binti kwa mumewe kwa hofu ya deni, na bado kuna misiba ambapo ndugu wa marehemu huzuia maziko ya mke mpaka mahari ikamilishwe. Wanaofanya hivyo husema wanalinda mila. Kumbe wameshika sehemu moja tu ya mila, yaani kudai, na wameziacha zile sehemu zilizoipa maana: kuonya, kusuluhisha, na kugawana mzigo.

Walimu wenzangu, methali isemayo mwacha mila ni mtumwa tunaifundisha kila mwaka. Yafaa tuwaulize wanafunzi wetu pia: ni mila ipi, ilifanya kazi gani, na ni nani aliyeilipia? Na tunapolifundisha neno mahari, tulieleze kwa ukamilifu, pamoja na mkaja, kilemba, enjugano na inkwano, tukionyesha kila kimoja hupewa nani. Binti anayejua kwamba mahari si bei yake, na kwamba tangu mwaka 2015 hapana mahakama Uganda iwezayo kuamuru irudishwe, atakuwa na neno la kujibu siku atakapoambiwa arudi kwa mume anayempiga.