Mzee Atiman wa Karema na Kumbukumbu Zake



Tunapotaja mwanzo wa imani katika nchi yetu ya Mpanda, midomo yetu hukimbilia majina ya maaskofu na mapadre. Twasema: Wabelgiji walijenga boma Karema mwaka 1879, na mwaka 1885 wakawakabidhi Mapadre Weupe. Ni kweli. Lakini katika Karema hiyohiyo aliishi mlei mmoja ambaye kumbukumbu zake, kwa maoni yetu, zina uzito kuliko barua nyingi za wamisionari.

Adrien Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 kando ya mto Niger, upande wa Timbuktu. Akiwa mtoto alitekwa, akavushwa jangwa la Sahara kama bidhaa, hata wamisionari wakamnunua huko Algeria na kumweka huru. Kardinali Lavigerie alimpeleka Malta pamoja na vijana wenzake kusomea utabibu. Mwaka 1889 alifika Karema akiwa tabibu na katekista, akatumikia hapo hadi kifo chake mwaka 1956. Miaka 67! Alioa hukohuko, na mwanawe Joseph akawa padre.

Lipo jambo ambalo hatupendi kulipita haraka. Kukombolewa kwake hakukumrudisha nyumbani. Fedha ilikata mnyororo, lakini masomo yake, safari yake, na hata ziwa ambalo angezikwa kando yake, vilipangwa na wengine. Wako wanaolihukumu Kanisa kwa sababu hiyo, wako wanaonyamaza. Sisi twaona pande zote mbili zamsahau mzee mwenyewe. Miongoni mwa wakazi wa kwanza wa misheni walikuwamo mateka waliokombolewa kama yeye. Tabibu wa namna hiyo hakuhitaji kuelezwa pingu ni nini.

Uzeeni alisimulia maisha yake, na mwaka 1946 masimulizi hayo yakachapwa kwa Kiingereza katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Jina lake limo pia katika Atiman House, Dar es Salaam, ingawa wengi wapitao mlangoni hawajui alikuwa nani.

Waliokuwa watoto alipofariki sasa wamevuka miaka 70. Mwenye mzazi, babu au bibi aliyetibiwa au kufundishwa katekisimu na mzee huyo, tunamwomba aandike hata ukurasa mmoja, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, atuletee ofisini baada ya Misa.