Pumu kwa Njia ya Simu

Pwani ya Kenya ina tiba yake ya kale: sufuria ya maji moto, majani ya mwarobaini, shuka kichwani. Kujifukiza huburudisha mafua, ila mirija ya hewa iliyobanwa na pumu haifunguki hivyo.

Kifaa cha kuvuta dawa kwa kipimo kilianza kuuzwa mwaka 1956. Tatizo likawa mkono: mgonjwa anabonyeza, anachelewa kuvuta, dawa inaishia kooni. Mwaka 1999 watafiti wa Cape Town walionyesha kuwa chupa ya soda ya mililita 500, ikitobolewa kitakoni, huwafaa watoto sawa na chemba ya dukani, inayoishikilia dawa hadi ivutwe. Na chupa Msambweni hazikosi!

Anayekosekana ni mwalimu wa kuonyesha matumizi yake, hasa kwa aliyeko Vanga, mbali na hospitali ya rufaa ya Msambweni. Simu ingeweza kuziba pengo hilo; ilishajaribiwa kwa maradhi mengine. Kuanzia 2007, Nairobi na Kajiado, baadhi ya wagonjwa wa VVU walitumiwa kila wiki swali moja: “Mambo?” Aliyejibu “shida” alipigiwa na muuguzi. Matokeo ya watu 538 yalichapishwa 2010: waliotumiwa ujumbe walifuata dawa vizuri zaidi.

Pumu inadai zaidi ya maandishi. Muuguzi sharti aone midomo ilivyokishika kifaa, kwa hiyo ni video, na video inakula bando.