Mgongo wa Mama Kijacho, Sehemu ya 3: Nani alisema ulale?

Mama kijacho, najua uko katikati. Mama mkwe anasema lala, kliniki wanakwambia tembea, na mgongo unauma vilevile. Leo nikuonyeshe ushauri huu ulikotoka.

Mwaka 1926 mtafiti wa Marekani, Frederick Hisaw, aliwadunga simbilisi wasio na mimba majimaji ya damu ya wanyama wenye mimba. Maungio ya nyonga yakalegea! Homoni hiyo baadaye ikaitwa relaksini, na wewe unayo. Ila usiitwishe lawama zote. Tumbo likikua, uzito unasogea mbele na misuli ya mgongo inafanya kazi ya ziada.

Basi ukilegea si upumzike? Wengi waliona hivyo. Mwaka 1985 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kilisema moyo wa mjamzito anayefanya mazoezi usizidi mapigo 140 kwa dakika, na mazoezi makali yasizidi dakika 15. Ilikuwa tahadhari zaidi kuliko ushahidi. Mwaka 1994 wakaondoa kikomo cha mapigo, na 2002 wakashauri dakika 30 za mazoezi ya wastani karibu kila siku kwa mama asiye na tatizo la ujauzito. Miaka 17 tu, ushauri umegeuka!

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani nalo likapendekeza mazoezi kipindi chote cha ujauzito ili kuzuia maumivu ya mgongo wa chini na nyonga. Likataja pia fiziotherapia, mkanda wa kushikilia tumbo na akupancha, mama achague.

Ila hapa naongeza la kwangu: ndoo ya lita 20 siyo mazoezi. Baba kijacho, hiyo ni yako. Mama atembee, ajinyooshe taratibu, alale ubavu na mto katikati ya magoti.

Na diklofenaki za duka la dawa acha kabisa bila daktari. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba dawa za kundi hilo kuanzia wiki ya 20 zinaweza kuumiza figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi.

Maumivu yakija kwa vipindi kabla ya wiki 37, au ukaona damu, homa, mkojo unaochoma au miguu kufa ganzi, usisubiri sehemu ya 4. Nenda hospitali leo.