Mlango wa Bodi ya Wakurugenzi

Ndugu zangu, sisi tuliokulia Igawa tulilijua shamba la mpunga la Mbarali, mali ya NAFCO. Waliokaa kwenye bodi iliyoamua mambo yake hatukuwajua. Je, watu hufikaje huko?

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi wa TANU au wa Serikali kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari. Zilimbakia bodi za mashirika ya umma, na huko mtu aliteuliwa: kwa kawaida mwenyekiti na Rais, wajumbe na Waziri. Februari 1991, Halmashauri Kuu ya CCM ilipokutana Zanzibar, masharti yale yalilegezwa. Leo mashirika ya umma yangali na uteuzi. Katika makampuni, wenye hisa huchagua wakurugenzi kwenye mkutano mkuu.

Ndugu wanafunzi, anzeni na chama cha ushirika, ambako wanachama huchagua bodi yao. Jifunzeni kusoma hesabu, kuuliza bila woga, na kutaja maslahi yenu kabla ya uamuzi. Uamuzi wa bodi humfikia mkulima asiyemjua mjumbe hata mmoja. Mkiitwa, mkumbukeni huyo.